Kuimba kabila la mtu si utani wa derby
Ndugu yangu, unasema Mazembe na Lupopo, timu mahasimu za Lubumbashi, wakikutana matusi ni chumvi ya mechi, tuwaache vijana waimbe. Hapana. Kumzomea kipa aliyefungwa kizembe ni utani, hata wazee wa Kamalondo, mtaa wenye uwanja wa Mazembe, watacheka. Lakini kumwimbia mtu arudi kwao Kasai, eneo jingine la Kongo, hapa Lubumbashi? Mwaka 1992 na 1993 maneno hayohayo yalitangulia, kisha tukaona familia za Wakasai zimelala stesheni na watoto na magodoro, zikingoja treni ya kuziondoa huku kwetu Katanga. Wengi walikufa. Jirani yako jukwaani huenda ni mtoto wa stesheni hizo.

Sheria ipo: FIFA inampa mwamuzi hatua 3 dhidi ya ubaguzi, kusimamisha mchezo, kuwatoa wachezaji kwa muda, kisha kuuvunja kabisa. Tangu 2024 mchezaji anayebaguliwa humwashiria kwa kupishanisha mikono kwenye vifundo vya viganja. Ila mwamuzi hasikii kila kona. Anayesikia kwanza ni yule mpiga ngoma anayeongoza nyimbo. Akiweka vijiti chini, wenzake hunyamaza. Viongozi wa mashabiki wakae naye kabla ya mechi, wasingoje adhabu.