Je, mageuzi ya viumbe hayaongozwi na yeyote?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwalimu wetu wa baiolojia alituambia kwamba mageuzi ya viumbe hayaongozwi na yeyote. Je, hilo limethibitishwa na sayansi, au ni maoni yake tu? – Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro.

JIBU: Swali lako limewahi kuwasumbua hata walimu wenyewe. Mwaka 1995 chama cha kitaifa cha walimu wa baiolojia nchini Marekani kilitoa tamko lililoyaeleza mageuzi kuwa mchakato usiosimamiwa na usio na nafsi. Mwaka 1997, baada ya wanazuoni Huston Smith na Alvin Plantinga kulalamika kwamba madai hayo yanavuka mipaka ya sayansi, maneno hayo mawili yaliondolewa. Kwa maoni yangu, chama kilifanya vyema.

Inachosema sayansi ni kidogo zaidi, ingawa si haba: mabadiliko ya jeni hayatokei kwa sababu kiumbe anayahitaji. Tazama selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto aliyerithi jeni yake kwa mzazi mmoja hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, ilhali nduguye aliyeirithi kwa wazazi wote wawili, chembe nyekundu za damu yake hujipinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo na kumtia maumivu makali ya mifupa. Hata hivyo, uteuzi asilia, yaani viumbe wenye sifa zinazowafaa kuishi na kuzaa zaidi, si bahati nasibu, kwani jeni hiyo imeenea hasa kulikozoeleka malaria, kwetu kukiwemo. Kama nyuma ya hayo yote yuko anayekusudia, hadubini haimwonyeshi wala haimkanushi, na mwalimu wako akilizungumzia hilo anazungumza kama mwanafalsafa, jambo ambalo ana haki nalo, ila alitaje hivyo.