Mbolea nimemwaga, kahawa haizai

SWALI: Za kazi mhariri. Mi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, mume wangu kaachiwa na marehemu baba yake kibanja cha ekari moja na nusu kule Muleba, kina kahawa na migomba, shemeji ndo anakiangalia. Msimu uliopita nimetoa hela yangu ya dagaa nikanunua mbolea mifuko mitatu nikapakia kwenye meli mpaka Kemondo. Kahawa ikaja ile ile! Jirani ana ekari moja tu, ya dukani hajaweka hata kijiko, anavuna karibu mara mbili yetu. Sa nataka kukopa vikoba niongeze mifuko. Nikope?
Mama wa Mwaloni, Mwanza

JIBU: Usikope kwanza mama. Hiyo mibuni ya baba mkwe ina umri gani? Ukiambiwa ilipandwa mumeo hajazaliwa usishangae, vibanja vingi vya Kagera viko hivyo. Mbuni unazaa kwenye tawi changa, pingili ikishazaa hairudii, kwa hiyo mti mzee usiokatiwa unazidi kwenda juu, chini mifupa mitupu, matunda yote kileleni, na mbolea yako imeishia kulisha majani na maotea.

Dawa ni msumeno. Mkimaliza kuchuma, shina linakatwa kama sm 30 toka chini, kwa mshazari ili maji yasituame, yakichipua maotea mnabakiza matatu yenye afya mengine mnang'oa. Ila msikate shamba zima kwa mpigo jamani, mtakaa bila kahawa, kateni theluthi moja kila mwaka. Mti ulionyauka upande mmoja huo sio wa msumeno, huenda ni mnyauko fuzari, ng'oeni mchome palepale, msiuburute kwenda kuwa kuni, na panga lipite motoni. Miche ya kahawa ya robusta inayovumilia huo ugonjwa ulizieni kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI Maruku, huko Bukoba, mchukue aina tofauti tofauti maana robusta haijichavushi, mkipanda ya aina moja tu maua mtayaona, matunda mtayasikia kwa jirani.

Afu samahani kwa hili, una uhakika shemeji hauzi butura? Ile ya kuchukua hela kahawa ikiwa bado maua mtini. Serikali imekataza lakini ada za watoto zinafika kabla ya mavuno, ndo mwenye hela anakuja anakokoa zote, mbivu na mbichi, we uko Mwanza unaambiwa mwaka huu haijazaa. Jirani yeye anachuma nyekundu tu, anarudia shamba mara tatu nne, anaanika kwenye turubai na sio udongoni.

Kwa hiyo hela uliyotaka kuweka kwenye mifuko lipia palizi na kukata, mkubaliane na shemeji fungu lake kwa kila gunia, mbele ya mumeo. Na uchumaji ukianza panda meli mwenyewe ukakae wiki mbili, meza ya dagaa muachie binti.