Sikoseli: tuanze haidroksiyurea au tusubiri tiba ya vinasaba?

SWALI

Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa miaka minne, tunaishi Sengerema. Alizaliwa mzima na akanyonya vizuri, lakini alipofikisha miezi saba mikono na miguu yake ilivimba, na tangu hapo amelazwa mara nyingi kwa maumivu na upungufu wa damu. Mwezi uliopita aliongezewa damu. Ugonjwa wake uligunduliwa kwa kipimo kimoja tu, cha tone la damu lililotazamwa kwenye kioo. Sasa kliniki wanataka aanze haidroksiyurea. Ndugu wa mume wangu wanasema hiyo ni dawa ya saratani, na kwamba Uingereza wamepata tiba ya vinasaba inayoponya sikoseli kabisa, kwa hiyo tusimpe mtoto sumu bali tusubiri. Mimi nami nina ujauzito wa miezi mitano. Naomba unieleze bila kunificha: tuanze au tusubiri? Na huyu ajaye tumpime lini?

JIBU

Marahaba mama, na pole kwa kuuguza. Umeomba nisikufiche, basi naanza na jibu lenyewe: msisubiri. Tiba ya vinasaba mliyoisikia ni ya kweli, lakini dawa mliyoandikiwa na tiba hiyo vinapita njia moja ndani ya mwili wa mtoto, na ukiijua njia hiyo utaweza kuwaeleza ndugu zako wewe mwenyewe.

Umesema mtoto alizaliwa mzima na akaugua alipofika miezi saba. Hapo ndipo pa kuanzia. Himoglobini ni protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu, nayo ndiyo inayobeba oksijeni. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya pekee, ambayo kwenye majibu ya maabara huandikwa HbF, na baada ya kuzaliwa mwili huizima polepole na kuweka mahali pake himoglobini ya ukubwani. Kwa watu wengi hiyo ya ukubwani ni HbA, lakini kwa mtoto aliyerithi kinasaba cha sikoseli kwa baba na kwa mama ni HbS. Tofauti ya hizi mbili ni ndogo mno: katika kinasaba cha beta-globini, kilichopo kwenye kromosomu ya 11, herufi moja imebadilika, na kwa sababu hiyo katika nafasi ya sita ya protini panakaa asidi amino (kiungo kimoja cha mnyororo wa protini) iitwayo valini badala ya asidi ya glutamiki. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti, na miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akabaini kwamba tofauti yote ni asidi amino hiyo moja. HbS ikishaachia oksijeni, molekuli zake hushikamana zikawa nyuzi ngumu, nazo nyuzi huikunja chembe nyekundu ikapata umbo la mundu. Chembe hiyo hukwama kwenye mishipa midogo na kuleta maumivu, kisha hufa mapema, ndiyo maana mwanao hupungukiwa damu.

Sasa, HbF haiingii kwenye nyuzi hizo, na ikiwemo ya kutosha ndani ya chembe huzizuia zisijisokote. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, aliona kwamba chembe za watoto wachanga waliorithi kinasaba cha sikoseli hazikunjiki sana kama za mama zao, akahisi kwamba himoglobini ya tumboni ndiyo inayowakinga. Mwanao alikuwa na kinga hiyo kwa miezi ya mwanzo, na ilipokwisha mikono ikavimba. Tangu Watson aandike hayo, sehemu kubwa ya utafiti wa ugonjwa huu imekuwa ni kutafuta namna ya kuirudisha kinga iliyozimwa.

Tiba ya vinasaba iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata, inaitwa Casgevy. Watafiti walikuwa wamegundua mwaka 2008 kwamba kinasaba kiitwacho BCL11A ndicho kinachofanya kazi ya swichi, yaani kinachozima HbF baada ya kuzaliwa. Tiba hii huchukua seli shina za damu, yaani seli mama zinazozaa chembe zote za damu, za mgonjwa mwenyewe na kuzipeleka maabara, ambako mkasi wa kimolekuli uitwao CRISPR hukata sehemu ndogo inayoiwezesha BCL11A kufanya kazi ndani ya seli zinazozaa chembe nyekundu, kisha seli hizo hurudishwa mwilini. Kinasaba cha sikoseli chenyewe hakiguswi. Kinachotokea ni kwamba HbF inaamka tena na inabaki macho. Katika utafiti uliowasilishwa kwa ajili ya idhini ya Marekani, wagonjwa 31 walikuwa wamefuatiliwa kwa muda wa kutosha, na 29 kati yao walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Kwa ugonjwa kama huu, matokeo hayo ni ya kushangaza, nami niliyapokea kwa furaha kubwa.

Lakini tazama masharti yake. Iliidhinishwa kwa wagonjwa kuanzia miaka 12, na mwanao ana minne. Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali ya busulfani ili kuufuta uloto wake, yaani ute ulio ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Kwa majuma kadhaa hana kinga yoyote ya maradhi, na anaweza kupoteza uwezo wa kuzaa. Gharama iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, bila kuhesabu siku za hospitali. Ndugu wanaosema tukimbie sumu wajue kwamba njia ya kuifikia tiba hiyo inapita kwenye dawa ya saratani iliyo kali kupita haidroksiyurea kwa mbali sana.

Haidroksiyurea nayo huamsha HbF, kwa kidonge, kila siku, nyumbani. Haiamshi kwa kiwango cha CRISPR, na ukiiacha kinga hupungua tena, lakini kazi ni ile ile. Ni kweli kwamba hutumika pia kwa baadhi ya saratani za damu, na sina sababu ya kuukana ukweli huo. Dawa moja inaweza kutibu magonjwa mawili kwa dozi na malengo tofauti. Wagonjwa wa sikoseli wameitumia tangu miaka ya 1990, na ufuatiliaji wa muda mrefu haujaonyesha kwamba inawaongezea saratani.

Zamani tulikuwa na hofu nyingine iliyotuhusu sisi hasa. Dawa hii hupunguza chembe nyeupe, na tukajiuliza ingekuwaje kwa mtoto anayeishi kwenye malaria. Hofu hiyo ilijibiwa hapa hapa kwetu. Hospitali ya Mulago, Kampala, ilifanya utafiti kwa watoto zaidi ya 200, nusu wakipewa dawa na nusu kidonge kisicho na kitu, na waliopewa dawa hawakupata malaria zaidi ya wenzao. Kisha ukaja utafiti wa REACH, uliofanywa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, ambamo watoto 606 wa umri wa mwaka mmoja hadi kumi walianzishiwa dawa. Kabla ya dawa, ungewafuatilia watoto 100 kwa mwaka mmoja ungehesabu mashambulio ya maumivu takriban 98. Baada ya dawa yalikuwa takriban 45. Kuongezewa damu kulishuka kutoka 43 hadi 14, malaria kutoka 47 hadi 23, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha, watoto walilinganishwa na hali yao wenyewe ya awali, kwa hiyo sehemu ya nafuu huenda ilitokana na kuangaliwa kwa karibu zaidi. Hata nikiiondoa sehemu hiyo kwa ukarimu, inayobaki inanitosha kumwandikia mtoto dawa bila kusita.

Kuhusu dozi naomba unisikilize kwa makini, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona watoto wetu wakipunjwa. Mtoto huanzishiwa dozi kulingana na uzito wake, mara nyingi karibu miligramu 20 kwa kilo, kisha hukaa nayo hiyo hiyo kwa miaka huku yeye anakua na kuongezeka kilo. Utafiti mwingine wa Kampala, uliochapishwa mwaka 2020, ulilinganisha dozi isiyobadilika na dozi inayopandishwa taratibu hadi mwisho wa kile ambacho damu ya mtoto inakivumilia, na ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu waliopandishiwa dozi walikuwa na nafuu iliyo wazi. Kwa hiyo kila mwendapo kliniki mwanao apimwe uzito na picha nzima ya damu, na uulize waziwazi kama dozi ipandishwe. Chembe nyeupe au chembe sahani (zile zinazogandisha damu) zikishuka mno, dawa husimamishwa kwa muda, damu ikishapanda huanzwa tena kwa dozi ya chini. Hilo ni jambo la kawaida na wala si dalili kwamba dawa imemkataa. Nafuu nayo huja polepole kwa miezi, hivyo akipata maumivu mwezi wa kwanza msikate tamaa.

Kuna tahadhari inayokuhusu wewe mwenyewe. Kapsuli nyingi za dawa hii ni za miligramu 500, nyingi kuliko dozi ya mtoto mdogo, kwa hiyo mara nyingine hufunguliwa na kugawanywa. Wewe ni mjamzito, usiifungue kapsuli wala kugusa unga wake. Mwombe mfamasia aigawe dozi, na baba mtoto ampe dawa akiwa amevaa glavu, kisha anawe mikono.

Kabla ya dozi ya kwanza, hata hivyo, ningependa kipimo cha mtoto kirudiwe. Kile cha tone la damu kwenye kioo huonyesha tu kwamba HbS ipo. Hakitofautishi mtu mwenye SS, ambaye ni mgonjwa, na mwenye AS, ambaye amebeba kinasaba kimoja na kwa kawaida haumwi. Dalili za mwanao zinaashiria ugonjwa wenyewe kabisa, lakini dawa ya miaka mingi inastahili jibu lililoandikwa. Omba elektroforesisi ya himoglobini, au kipimo cha mashine kinachozitenganisha himoglobini na kutoa asilimia ya kila moja. Asilimia ya HbF ya leo itunze, maana ndiyo mtakayoipima nayo kazi ya dawa hapo baadaye. Na usisahau kuwaambia maabara kwamba aliongezewa damu mwezi uliopita: damu ya mtu mwingine hubaki mwilini kwa muda wa miezi mitatu hivi, na inaweza kumfanya mwenye SS aonekane ni AS. Nimewahi kumwona mtoto aliyeambiwa hana ugonjwa kwa sababu hiyo tu, akakaa bila matibabu hadi alipozidiwa. Ikiwa daktari wenu ameridhika na dalili, dawa inaweza kuanza na kipimo kikafuata damu hiyo itakapokuwa imekwisha.

Muulize pia kuhusu altrasaundi ya mishipa ya kichwani. Kuanzia miaka miwili mtoto mwenye SS hupimwa kasi ya damu iendayo kwenye ubongo, na ikifika sentimita 200 kwa sekunde hatari ya kiharusi ni kubwa na matibabu yake hubadilika. Kwa upande wenu wa Ziwa, Hospitali ya Bugando, Mwanza, imefanya utafiti wa kipimo hiki pamoja na haidroksiyurea, kwa hiyo omba rufaa ya huko. Penisilini ya kila siku aendelee nayo angalau hadi atimize miaka mitano, chanjo zake zikamilike, na chandarua asikikose.

Tiba nyingine inayoponya, na iliyo karibu nasi kuliko Casgevy, ni kupandikizwa uloto wa ndugu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwafanyia watoto wenye sikoseli mwaka 2023. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa na mgonjwa, na hata akiwa AS anaweza kutoa uloto. Ukihesabu pia kwamba asiwe SS mwenyewe, nafasi ya huyo ajaye kumfaa kaka yake ni takriban 19 katika 100. Nakutajia ili ulijue, na mtoto huyo apokelewe kwa ajili yake mwenyewe.

Naye tumpime lini? Mapema, katika siku za mwanzo, usingoje mikono ivimbe. Ikiwa wewe na mumeo ni AS, kila mimba ina uwezekano mmoja kati ya minne wa SS, na uliopita haupunguzi wa sasa. Siku hizi kuna vipimo vya haraka vinavyotumia tone la damu la kisiginoni na kingamwili zinazoitambua HbA na HbS kila moja peke yake, na majibu hutoka ndani ya dakika chache bila umeme wala mashine. Kipimo cha kioo kisitumike kwa mtoto mchanga: HbF iliyomjaa, ile ile inayomkinga, humfanya aonekane hana kitu. Akionekana SS, penisilini huanza afikapo miezi miwili au mitatu, na kipimo cha kuthibitisha hurudiwa baada ya miezi sita. Andika haya kwenye kadi yako ya kliniki ya wajawazito sasa hivi, umwonyeshe mkunga utakapokwenda kujifungua, kisha mwombe achukue tone hilo la kisigino kabla hamjaruhusiwa kurudi nyumbani.