Ninakula dona tu, mbona sukari haishuki?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 52, ninauza vitambaa sokoni hapa Morogoro. Miezi mitatu iliyopita niligundulika kuwa na kisukari cha aina ya pili. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kilikuwa 8.9, nikaanzishiwa dawa ya metformini. Tangu hapo nimeacha kabisa wali na sembe. Asubuhi ninakunywa uji wa lishe kikombe kikubwa, mchana na usiku ninakula ugali wa dona, na kwenye chai ninatia asali badala ya sukari. Hata hivyo kipimo hakishuki chini ya 8, na uzito wangu wa kilo 91 uko palepale. Nifanye nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pole sana, mama, na hongera kwa kulishughulikia jambo hili mapema. Kwa maelezo yako, umebadilisha aina ya unga, ila kiasi cha wanga unachokula kwa siku kimebaki kilekile, na pengine kimeongezeka.

Dona ni bora kuliko sembe, hilo halina ubishi, kwa sababu pumba na kiini cha mahindi hubaki ndani yake pamoja na nyuzinyuzi na vitamini ambazo hupotea mahindi yanapokobolewa. Lakini sehemu kubwa ya dona bado ni wanga, na wanga, uwe wa mahindi, mtama, ulezi au muhogo, ukishameng'enywa huingia kwenye damu ukiwa glukosi. Ushauri wa kula dona umeenea sana mitaani bila kutajwa kiasi, na inanisikitisha kuona wagonjwa wenye bidii kama wewe wakimaliza bonge zima la ugali kwa kuamini kwamba wako salama.

Kwa hiyo pakua hivi: nusu ya sahani ijae mchicha, matembele au kabichi; robo iwe maharage, dagaa, samaki au kuku asiye na ngozi; na robo inayobaki iwe ya ugali, usiozidi ukubwa wa ngumi yako. Anza kula mboga na kitoweo, ugali uufikie mwishoni. Uchunguzi mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wenye kisukari cha aina ya pili waliokula mboga na protini kwanza, kisha wanga, sukari yao baada ya mlo haikupanda sana kama walipoanza na wanga, ingawa chakula kilikuwa kilekile. Angalia pia mafuta ya kuungia, kwa kuwa kijiko kimoja cha mezani kina takriban kilokalori 120, na tui zito la nazi kwenye kisamvu nalo lihesabu.

Uji wa lishe ndio ningeuondoa kwanza. Unga wake umesagwa laini, umepikwa ukaiva, tena unanyweka kwa haraka, kwa hiyo sukari hupanda upesi na njaa hurudi kabla hujamaliza kupanga vitambaa mezani. Mchanganyiko huo huwafaa watoto wanaokua. Kwako wewe, yai la kuchemsha au bakuli dogo la maharage, pamoja na kipande cha kiazi kitamu na chai ya tangawizi isiyo na sukari, vitakufikisha mchana bila shida.

Asali nayo iache. Shirika la Afya Duniani huihesabu pamoja na sukari inayoongezwa kwenye vyakula, na linapendekeza jumla yake kwa mtu mzima ikiwezekana isizidi takriban gramu 25 kwa siku, yaani vijiko vidogo sita. Soda ya chupa ya mililita 350 peke yake huwa na zaidi ya hapo, na juisi ya matunda, hata ya kukamua nyumbani, ina tabia hiyohiyo. Kula chungwa lenyewe, moja.

Kuhusu uzito, usikate tamaa. Kupunguza asilimia 5 hadi 10, ambayo kwako ni kama kilo 4.5 hadi 9, huleta nafuu inayoonekana kwenye vipimo, kwa kuwa mafuta yaliyojaa kwenye ini na kongosho hupungua na insulini hufanya kazi vizuri zaidi. Katika utafiti wa Uingereza uliotoa matokeo yake mwaka 2017, karibu nusu ya wagonjwa waliowekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito chini ya uangalizi walifikia, baada ya mwaka mmoja, viwango visivyo vya kisukari bila kutumia dawa za kisukari. Wote walikuwa wameugua kwa muda usiozidi miaka sita, na wewe una miezi mitatu tu.

Usiache metformini kwa hiari yako, wala usiibadilishe kwa unga wa majani unaouzwa stendi. Kama kliniki imekuongezea vidonge vya kushusha sukari vya glibenklamaidi au insulini, waeleze kabla ya kupunguza ugali, maana sukari inaweza kushuka mno. Ukianza kutetemeka, kutokwa jasho na moyo kwenda mbio, kunywa mara moja maji yenye vijiko vidogo vitatu vya sukari, upime tena baada ya dakika 15. Baada ya miezi mitatu ya mlo huu, omba kipimo cha wastani wa sukari, HbA1c, ili daktari wako aamue kama dozi ibaki au ibadilishwe.