Wasifu wa rubani huanzia kwenye logibuku yake

SWALI: Baba mkwe amefariki, na mazishi ni Jumamosi ijayo. Alirusha ndege katika Jeshi la Wanahewa tangu miaka ya sabini, kisha akahamia Kenya Airways hadi alipostaafu. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake, nami nina logibuku zake tatu, yaani daftari ambamo rubani huandika kila safari yake, zilizojaa namba na vifupisho. Kila nikijumlisha saa zake napata jibu tofauti. Nianzie wapi? – *Msomaji, South C*

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Usijumlishe chochote. Fungua logibuku ya mwisho, ukurasa wa mwisho ulioandikwa, usome mstari wa chini kabisa. Hapo marehemu mwenyewe aliweka jumla ya saa zake tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Hakikisha tu kwamba jumla inayofunga kila kitabu ndiyo inayofungua kinachofuata.

Hesabu yako inakupotosha kwa sababu ya nukta. Kuna marubani wanaoandika dakika baada ya nukta: 1.45 ni saa moja na dakika 45. Ukiingiza 1.45 na 2.30 kwenye kikokotoo utapata 3.75, ilhali jibu sahihi ni saa 4 na dakika 15. Wengine huandika desimali, ambapo 1.5 ni saa moja na nusu na kila 0.1 ni dakika 6. Pitisha macho ukurasa mzima: ukiona tarakimu mbili baada ya nukta na hakuna inayozidi 59, hizo ni dakika. Kosa jingine ni kujumlisha safu ya saa za kuongozwa na vyombo, yaani za kurusha ndege kwa kutazama vipimo badala ya nje. Saa hizo tayari zimo ndani ya saa za mchana au za usiku (za usiku mara nyingi huwa kwa wino mwekundu), kwa hiyo ukiziongeza unazihesabu mara mbili. Saa za simuleta, mashine ya mazoezi ya ardhini, nazo haziingii katika jumla.

Sasa tafuta siku zenyewe. Safari ya kwanza ya peke yake iko kwenye kurasa za mwanzo, baada ya mfululizo wa safari za pamoja na mwalimu. Kisha, kwenye kurasa za Kenya Airways, fuata safu ya jina la nahodha: kwa miaka mingi utaona majina ya watu wengine, halafu siku moja linaingia neno “Self” (mimi mwenyewe), na saa zinahamia kutoka P2 (rubani msaidizi) kwenda P1 (nahodha). Ukurasa huo unastahili aya nzima.

Angalia tarehe. Saa za safari za kimataifa huandikwa kwa Zulu, yaani saa za dunia (UTC), nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Ndege iliyopaa hapa saa saba na nusu usiku itaonekana kuwa imepaa 22:30, tarehe ya jana yake.

Majina yasikutie wasiwasi. Kwa ndege, DHC-4 ni Caribou na DHC-5 ni Buffalo; kwa viwanja, HKRE ni Eastleigh, na Embakasi ndiyo JKIA ya leo. Ukikuta “'82 Air Force”, marehemu hakukosea: baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982 jeshi hilo lilivunjwa, likaundwa upya kwa jina hilo, na likarudishiwa jina lake la awali mwaka 1994. Pengo la safari baada ya Agosti 1982 lisielezwe kwa kubahatisha. Waulizeni waliotumikia naye, na kama hamna uhakika, liacheni.

Tunakusihi usizichanganye saa za jeshini na za abiria. Jeshini kwa desturi huhesabiwa tangu ndege inapoacha ardhi mpaka inapoigusa. Katika shirika, tangu inapoanza kusogea ili iondoke mpaka inaposimama baada ya kutua. Tena safari ya F-5, ndege ya kivita, huisha kwa saa moja hivi, ilhali Nairobi hadi London ni zaidi ya saa nane. Saa 1,500 za ndege ya kivita ni kupaa na kutua mara nyingi mno, nazo zikimezwa na saa 12,000 za abiria, nusu ya maisha yake imepotea. Andika mafungu mawili.

SWALI: Kwenye msalaba wa mjomba, aliyerusha ndege jeshini kisha za abiria, tuandike Meja au Kapteni? Ndugu wanabishana. – *Msomaji, Umoja*

JIBU: Vyote viwili ni vyake, ila si ngazi moja. Jeshi la Wanahewa la Kenya hutumia vyeo kama vya nchi kavu, ambako Kapteni yuko chini ya Meja. Kwenye ndege ya abiria, Kapteni ni mkuu wa chombo, mwenye mistari minne begani. Andikeni “Meja (Mstaafu)”, na chini yake “Kapteni wa Ndege za Abiria”. Mkiandika Kapteni peke yake, mwanajeshi atakayepita atadhani alistaafu akiwa na cheo cha chini.

SWALI: Tumzike babu na logibuku yake? – *Msomaji, Kahawa West*

JIBU: Hapana. Wekeni nakala. Pigeni picha kila ukurasa karibu na dirisha, bila flashi, jalada likiwemo. Msiifunike kwa plastiki ya moto wala kubandika selotepu, kwani gundi yake hugeuka manjano na kula karatasi. Ifungeni kwa kitambaa safi cha pamba, muiweke kabatini mbali na sakafu ya saruji, na muifungue ipate hewa msimu wa baridi wa Julai ukiisha.