Amiga 1200 inaganda baada ya kuongezewa akselereta: pima volti kabla hujanunua kadi nyingine

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina kompyuta ya Amiga 1200 ya siku nyingi, haikuwa na neno mpaka nilipoifunga akselereta, kadi ya kuongeza kasi, yenye prosesa ya 68030 ya MHz 50 yenye RAM ya MB 32, halafu nikatoa diski ya zamani nikaweka kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash kwenye IDE, soketi ya diski. Inawaka vizuri tu, nacheza hata dakika 20, kisha inaganda au inaleta Guru Meditation, ile skrini ya kosa ya Amiga, na namba za Guru kila mara ni tofauti. Nikiweka floppy ndio kabisa, ikianza kusaga tu mashine inaganda. Nikichomoa akselereta inatulia. Watu wananiambia kadi imekufa na nimeshapata mtu anauza nyingine. Ninunue?

JIBU: Salama mkuu. Shika hela yako kwanza. Hicho ulichokiandika kama cha kupita tu, kwamba floppy ikianza kusaga mashine inaganda, mimi ndio nimekishikilia. Akselereta iliyokufa haijui floppy inazunguka saa ngapi. Anayejua ni pawa saplai, maana mota ya floppy inakula volti 5 zile zile zinazolisha prosesa, RAM na hiyo CompactFlash yako.

Hata hizo namba za Guru zinaenda huko huko. Programu yenye kosa inafia palepale kila siku, leo 8000 0003, kesho 8000 0003. Ukiona leo 0003, yaani prosesa imepelekwa kwenye anwani mbovu, kesho 0004, amri isiyoeleweka, keshokutwa 000B, basi kuna kitu kinaharibu data njiani, na umeme unaoyumba ndio mtuhumiwa wa kwanza.

Sasa angalia historia ya hii mashine. 1200 ilitoka 1992 na Commodore wakaipa saplai ya ampea 3 tu kwenye volti 5, wakati Amiga 500 (A500) ya 1987, tena mashine dhaifu kuliko hiyo, nyingi zilikuja na tofali la saplai la ampea 4.3 au 4.5. Ubahili tu. Kwa prosesa yake ya asili, 68EC020 ya MHz 14, na RAM ya MB 2 ilitosha, hakuna aliyelalamika, lakini wewe umepakia prosesa ya MHz 50 na RAM juu yake na saplai yenyewe ina zaidi ya miaka 30, kapasita za ndani zimekauka, ikiwa ya baridi inajikaza, ikishapata moto inalegea. Dakika 20 zako hizo hapo.

Kupima ni hivi. Usipime kwenye plagi ikiwa nje, saplai isiyo na mzigo inaonyesha namba nzuri hata kama ni mbovu. Fungua kasha, washa mashine na kila kitu kikiwa kimechomekwa, weka mita kwenye waya wa umeme wa floppy pale unapoingia kwenye bodi, mweusi ni hasi, mwekundu kwa kawaida ni volti 5, wa njano ni volti 12 na usije ukaugusisha na mwekundu utalia. Soma ikiwa kimya, halafu ingiza floppy usome inaposaga, na mita yako kama ina kitufe cha kushika namba ya chini kabisa kitumie, kwa sababu volti inaweza kushuka na kurudi kabla jicho halijaona. Chipu za humo zinataka kati ya 4.75 na 5.25. Mimi kwenye yangu nilibadilisha RAM mara mbili nikasafisha mpaka kibodi, siku ya tatu ndio nikakumbuka mita: 4.66 floppy ikizunguka. Nilijiona mjinga.

Ikiwa chini, usikimbilie kulaumu saplai peke yake. Plagi ya pini 5 ikishika kutu kidogo ikawa na ukinzani wa omu 0.1, kwa ampea 3 unapoteza volti 0.3 hapo hapo, yaani 5.05 iliyotoka kwenye saplai inafika 4.75. Safisha pini, kisha pima pande zote mbili. Saplai ya A500 inaingia kwenye 1200, plagi ni ile ile, kwa hiyo kama kuna mtu wa kukuazima ijaribu jioni moja tu utajua. Ila usifungue tofali lenyewe kama hujazoea, kapasita kubwa ya ndani inabaki na chaji hata ukichomoa ukutani.

Volti zikiwa safi na bado inazingua, nenda kwenye konekta ya akselereta. Futa zile pini 150 kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, acha ikauke, rudisha kadi, na usiisukume kwa nguvu mpaka mwisho, kuna kadi ukizirudisha nyuma kama milimita moja ndio zinashika vizuri.

Halafu kapasita za bodi yenyewe, zile ndogo za duara. Kwenye 1200 zinavuja, ni suala la lini tu. Sauti ikiwa imefifia ujue tayari, na ukigusa miguu yake kwa pasi ya kulehemu ikatoa harufu ya samaki, hiyo ni maji yake yameshamwagika. Badilisha zote siku moja, usichague chague.

CompactFlash nimeiacha mwisho kwa sababu yenyewe kosa lake halifanani na lako, yenyewe huharibu mafaili makubwa kuliko kugandisha mashine. Hata hivyo ukiwa umeifungua HDToolBox, programu ya Amiga ya kupanga diski, weka MaxTransfer, kikomo cha data inayohamishwa kwa mara moja, iwe 0x1FE00, haikugharimu kitu.

Ukishapima niandikie namba mbili, ya kimya na ya floppy ikisaga, na hiyo kadi ya jamaa mwambie asubiri.