Hawadai kitu, ila orodha wameituma

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, nimezaliwa Tanga katika familia ya Kigujarati, na baba ana duka la vitambaa alilorithi kwa babu. Nilisomea ufamasia Ahmedabad, jimbo la Gujarat huko India, na huko nikakutana na kijana wa Rajkot, jimbo hilohilo, mhandisi. Tumeshachumbiana, harusi ni mwanzoni mwa Desemba, kulekule kwao. Wiki tatu zilizopita mama yake alimpigia mama yangu simu akasema, 'Sisi hatudai kitu, mtakachotoa ni cha binti yenu mwenyewe.' Kesho yake ikaingia orodha kwenye WhatsApp: dhahabu tola 25, gari, na rupia laki 30 za kuchangia fleti, maana wanaye na binti wa kuoza mwakani na mikono yao imebana. Baba hajasema neno. Juzi nimemkuta na dalali, wanapima duka kwa futi kamba. Mchumba wangu nikimuuliza anasema, 'Mambo ya wazee hayo, usijitie.' Mama naye analia: nikivunja, watu watasema nini, na mdogo wangu ataolewa na nani? Shangazi, nampenda. Nifanye nini?
Binti wa Ngamiani, Tanga"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na mara zote tatu nimekwama kwenye hiyo futi kamba. Baba anayepima duka la marehemu baba yake huku amenyamaza, huyo hajakubali. Huyo anaogopa, na hana wa kumwambia. Kwa hiyo kabla ya mchumba, kabla ya mama mkwe, anza na baba. Mngojee jioni akishashusha mlango wa duka, ukae naye peke yenu, umwambie waziwazi kwamba hutaki duka liuzwe kwa ajili yako. Yeye mwenyewe hawezi kulitamka hilo, maana atahisi amekunyima. Mtoe wewe kwenye huo mtego.

Wasomaji wengine watashangaa, maana kwetu mahari hutoka kwa mume. India dahej huenda kinyume: upande wa mke ndio unaotoa. Najua pia kwamba nyumbani kwenu kuna kariyavar, yale masanduku ya sari, vyombo na vito anayoondoka nayo binti, na kuna mameru, siku mjomba anapoingia na sinia la zawadi na mama wa bibi harusi anatokwa machozi. Mambo hayo ni mazuri na simwambii mtu ayaache. Lakini kariyavar hupangwa na anayetoa, kwa kadiri ya uwezo wake. Orodha ikishaandikwa na anayepokea, hiyo ni dahej, hata ikiambatana na maneno matamu kiasi gani.

Na dahej imepigwa marufuku India tangu mwaka 1961. Kutoa au kupokea, kifungo kisichopungua miaka 5, na faini juu yake. Kudai tu, hata kabla hakijatolewa kitu, ni kifungo cha miezi 6 hadi miaka 2. Soma tena neno "kutoa", mwanangu, umsomee na baba. Zawadi inaruhusiwa pale tu ambapo haikudaiwa na haizidi uwezo wa mtoaji, na kanuni za mwaka 1985 zinataka iandikwe: ni kitu gani, thamani yake, nani katoa na ana undugu gani na maharusi, kisha bwana na bibi harusi watie saini. Tola 25 ni karibu gramu 290 za dhahabu. Mtu anayepimiwa duka lake ili zipatikane hatoi zawadi.

Utaniuliza, kama sheria ipo, mbona desturi haifi? Kwa sababu kila nyumba inaiona kama deni inalolipa na kulipwa. Mtoto wa kiume amesomeshwa, ana mshahara, wazazi watazeekea kwake. Basi anapewa bei, na akiwa mhandisi, daktari au mtumishi wa serikali, bei inapanda. Elimu iliyotarajiwa kuiua ndiyo imeinenepesha. Mabinti nao, kwa Wahindu, hawakuwa na haki sawa na kaka zao katika mali ya ukoo mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2005, kwa hiyo wengi waliona alichoondoka nacho binti siku ya harusi ndio urithi wake wote. Sasa tazama orodha yako vizuri. Wana binti wa kuoza mwakani. Nina shaka kubwa kwamba dhahabu yako haitakaa shingoni mwako. Itakwenda kumtoa wifi yako. Mama mkwe wako anadaiwa, au anajua atadaiwa, naye anadai kwako. Nalisema hili ili usimchukie. Mwanamke huyo huenda naye alipimwa hivihivi siku zake. Lakini duka la Ngamiani haliwezi kuwa dawa ya kila nyumba yenye binti huko Rajkot.

Niliyesoma naye darasa moja aliolewa upande huohuo wa Gujarat. Baba yake alitoa kila kilichotajwa. Usiku wa pili baada ya harusi mama mkwe aliingia chumbani kwa upole, akamwambia, "Mwanangu, vito hivi nikuwekee, mtapotezapoteza." Bangili zikavuliwa moja moja, kumi na mbili, zikafungwa kwenye leso na kuingia kabatini kwa mkwe. Sikukuu ya kwanza ya Diwali wakataka pikipiki kwa shemeji. Alipopata mimba wakataka zaidi. Miaka minne baadaye alirudi na mtoto mgongoni na masanduku mawili, na mikono yake ilikuwa mitupu. Huyo namhesabu katika waliosalimika. Polisi wa India huandikisha vifo takriban 6,000 kila mwaka vya wake vinavyohusishwa na dahej, na sheria yao inavitazama kwa jicho la pekee vile vinavyotokea ndani ya miaka 7 ya kwanza ya ndoa. Sikuambii kwamba nyumba unayoingia ni ya namna hiyo; zipo familia nyingi sana huko zinazopokea mkwe kwa mikono miwili na hazitaki hata kijiko. Nakuambia tu kwamba dai la kwanza likilipwa, la pili hupata njia.

Sasa huyo kijana. Hapa ndipo penye jibu lako, na ndipo unapopaogopa. "Mambo ya wazee" ni maneno ya mtu aliyejificha nyuma ya mlango. Fleti ataishi yeye, gari ataendesha yeye. Mpigie, si ujumbe, upige video umwone uso. Mwambie: baba yangu anauza duka ili kulipa orodha ya mama yako, mimi nimekataa, wewe utamwambia nini mama yako, na lini? Halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu. Akisema atakaa na wazazi wake na kuifuta orodha, mpe nafasi, ila maneno hayo yawafikie wazazi wako kutoka kinywani mwa wazazi wake, si kupitia kwako. Akisema "tutoe nusu", ujue ameshakubali kwamba una bei, na kinachobaki ni kupatana. Akikasirika kwa sababu umeuliza, mwanangu, nitalia pamoja nawe, lakini usipande ndege.

Mama yako mpe muda. Hiyo loko shu kaheshe, watu watasema nini, imewalea kina mama wote wa jamii yenu na haiwezi kutoka kwa siku moja. Muulize swali moja tu: huyo mdogo wangu mnayemwogopea, duka likishauzwa, orodha yake italipwa na nini? Wazee wa jamii pia wapo. Tafuta mmoja mwenye heshima zake aliyeoza binti bila dahej, maana hakosekani, aje aketi na baba. Mwanamume wa rika lake atamsikia kuliko mimi.

Ikiwa orodha itafutwa kweli na harusi ikaendelea, usiende kichwakichwa. Kitakachotolewa kiandikwe na kutiwa saini, nakala ibaki Tanga. Vito vyako ni stridhan, mali yako peke yako. Mahakama ya Juu ya India ilikwisha sema mwaka 1985 kwamba mume hana umiliki humo. Basi fungua kasha la benki kwa jina lako, ufunguo ukae kwako. Wewe ni Mtanzania, utakuwa mgeni kule: pasipoti yako isikae kabatini kwa mtu. Ile WhatsApp yenye orodha usiifute, na utume nakala kwa ndugu unayemwamini. Namba 181 ni ya simu ya msaada kwa wanawake huko India, iweke kichwani.

Desemba ikisogezwa mbele haitakuua. Kadi huchapwa tena, ukumbi hukodiwa tena. Ongea na baba leo, kijana kesho, na dalali asikanyage tena dukani mpaka simu hiyo iwe imepigwa. Kisha niandikie alichojibu, neno kwa neno, kama alivyolisema.